Kulabu jikoni: uzoefu wangu wa kuchagua mkono bandia

Mkono wangu wa kushoto ulikatwa chini ya kiwiko baada ya kunaswa na mashine ya kukamua miwa. Mimi ni mama lishe hapa Tanga, kwa hiyo swali langu kwa fundi wa viungo bandia lilikuwa moja tu: upi utanishikia sufuria nisonge ugali?

Alinionyesha aina tatu. Wa sura, yaani wa kufanana na mkono halisi tu, una kucha kabisa, ila haushiki kitu. Wa umeme una vihisio ndani ya soketi, yaani kikombe kinachovalishwa kwenye kigutu, vinavyosoma misuli ya kigutu inapokaza, kisha mota inafunga vidole. Niliujaribu, na sikatai, unapendeza. Lakini betri inataka kuchajiwa, maji hauyataki, jasho nalo linavuruga vihisio, na ile ya kisasa ambayo kila kidole hujikunja chenyewe hufika makumi ya mamilioni ya shilingi. Kwa mvuke wa jikoni kwangu? Hapana.

Nikachukua wa tatu, kulabu. Ni vyuma viwili vilivyopinda vinavyoachana na kukutana. Aliyeibuni ni Mmarekani David Dorrance, mtu aliyepoteza mkono kwenye mashine za mbao, akapewa hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1912, na umbo lake halijabadilika sana. Waya unatoka kwenye kulabu hadi mkanda unaozunguka bega la pili. Nikisukuma mkono mbele, kulabu inafunguka. Nikilegea, mipira ya kubana, vipete vya raba vilivyovishwa kwenye kulabu, inaifunga. Maana yake kushika hakunichoshi, kinachotaka nguvu ni kufungua. Mipira ikiongezwa inabana zaidi, na bega linalipa.

Sasa jikoni. Ukingo wa sufuria inaushika, mkono wa kulia unasonga. Kitunguu inakituliza kwenye kibao. Mfuniko wa moto naufunua bila kitambaa, ingawa lazima niangalie kwa macho, maana chuma hakinipi habari. Ungo unapepeteka. Noti inazibana huku nazihesabu kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa ncha ni nyembamba naona ninachoshika. Zipo kulabu zenye raba ndani ya ncha, nzuri kwa glasi, lakini karibu na moto raba haidumu; mimi nilitaka zenye meno ya chuma.

Kukuna nazi kumenishinda. Kifuu kinataka kuzungushwa kwenye mbuzi na viganja viwili, na kulabu haina kiganja. Nazi anakuna binti yangu. Kanga nazo hunaswa nyuzi. Na mkanda! Kwa joto la pwani unachubua kwapa. Vaa fulana ya pamba chini yake, na soksi ya kigutu ibadilishe ikilowa. Kufikia rafu ya juu ni tabu vilevile, kwa sababu bega likishainuka halina pa kuvutia waya.

Kwa kazi ya kupika naipa nne kwa tano. Kabla hujaamua, mwambie fundi unafanya kazi gani kutwa nzima, na umwombe akufundishe kubadilisha mipira mwenyewe, maana ndiyo inayochakaa mapema.

Ule wa sura ninao pia, nauvaa harusini. Usiuguse na bizari: manjano yakishaingia kwenye glavu ya plastiki inayoufunika hayatoki kwa sabuni yoyote.