Kapnografu ya mkononi: inafuata gesi ileile inayofuatwa na ubongo

Oksimita ya kidoleni ikisoma asilimia 98, wengi huridhika kwamba mgonjwa anapumua vizuri. Kumbe inachopima ni oksijeni iliyomo kwenye damu, basi. Aliyechomwa morfini (dawa kali ya maumivu) na kuwekewa oksijeni puani anaweza kushuka hadi pumzi 6 kwa dakika na kidole kikaendelea kusoma 98 kwa muda, maana mapafu yana akiba. Kapnografu, ile ndogo inayonyonya hewa kwa mrija mwembamba kutoka puani, inahesabu hewa ukaa (kaboni dioksidi) pumzi kwa pumzi, kwa hiyo pumzi zikikatika utajua ndani ya sekunde, sio dakika.

Ubongo nao haungoji oksijeni ipungue. Haldane na Priestley walionyesha tangu 1905 kwamba kinachoongoza upumuaji wa kawaida ni hewa ukaa. Gesi hiyo hupenya kutoka kwenye damu hadi kwenye shina la ubongo, huungana na maji ikawa asidi ya kaboniki, na ioni za hidrojeni zinazotoka hapo huziamsha seli zilizo kwenye uso wa mbele wa medula, sehemu ya chini ya shina hilo. Hizo hulisukuma kundi dogo la seli linalopiga mdundo wa pumzi, liitwalo preBötzinger. Mwitikio wake ni mkali: hewa ukaa ya damu ikipanda mmHg 1 tu (milimita ya zebaki, kipimo cha mkandamizo), hewa inayovutwa huongezeka kwa takriban lita 2 hadi 3 kwa dakika. Vihisi vya oksijeni viko shingoni, pale ateri ya karotidi inapogawanyika, na havipigi kelele kubwa mpaka oksijeni ishuke karibu na mmHg 60. Morfini huzubaisha mwitikio wa hewa ukaa na kulegeza mdundo wenyewe, ndiyo maana mgonjwa anaweza kulala ametulia huku hewa ukaa ikikusanyika.

Mashine hufanya kazi kwa mwanga wa infraredi wa takriban mikromita 4.26, ambao hewa ukaa huumeza. Pampu hunyonya mililita 50 hadi 200 kwa dakika. Kwa watoto wachanga chagua ya 50. Ya 200 huvuta hewa ya chumbani pamoja na pumzi yao ndogo, na namba inashuka bure. Kawaida ni mmHg 35 hadi 45 mwishoni mwa kutoa pumzi, pungufu ya ile iliyo kwenye damu kwa 2 hadi 5 kwa mtu mwenye mapafu mazima. Bonge la damu likiziba mshipa wa mapafu, au presha ikiporomoka, pengo hilo hupanuka, na hapo namba nzuri isikudanganye.

Usiangalie namba peke yake. Mgonjwa anayepumua juujuu anaweza kusoma 30 wakati damu yake ina 60, kwa sababu hewa ya ndani kabisa haifiki kwenye mrija. Tazama wimbi linalochorwa kwenye skrini: bapa juu, linapanda na kushuka wima. Likiinama kama pezi la papa, njia za hewa zimebana, kama kwa mwenye pumu.

Mstari ukilala kabisa, mwangalie mgonjwa kwanza. Akiwa anapumua, kagua mrija kama umejikunja au umeziba. Kisha uchomoe, uunganishe mpya na upulizie mwenyewe. Wimbi likipanda, mashine ni nzima. Mara nyingi mkosaji ni maji: mvuke wa pumzi hugeuka matone, kikombe cha kunasia maji hujaa, pampu huanza kuunguruma. Kimwage kabla hakijafika nusu. Kiungo kilicholegea kina hila zaidi, kwa kuwa wimbi linabaki zuri ila 38 inakuwa 25. Oksijeni nyingi puani nayo huchanganyika na pumzi na kuipunguza vilevile.

Udhaifu unaoudhi ni urekebishaji, yaani kuipa mashine gesi ya kiwango kinachojulikana ili isome sawasawa. Gesi ya majaribio yenye asilimia 5 ya hewa ukaa ni mmHg 38 usawa wa bahari, pale hewa inapokandamiza kwa mmHg 760. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, mkandamizo uko karibu 635, na gesi ileile ni kama 32. Ukiiambia mashine kuwa hiyo ni 38, itamsomea kila mgonjwa juu kwa karibu moja ya tano. Zile zenye kihisi cha mkandamizo ndani hujirekebisha zenyewe. Zisizo nacho ziachie walio pwani.

Na kabla ya kulipa, ulizia mirija. Mrija ni wa mgonjwa mmoja, ukiisha mashine ni pambo la mezani, na baadhi hukataa kabisa mrija usiotoka kwa mtengenezaji wao.