TAHADHARI: jamaa anayeuza vitunguu vya maua "original kutoka Cape"

Wapenda maua wenzangu, kuna jamaa hapa Nairobi anauza vitunguu vya maua vya Afrika Kusini, jina sitaji, ila ukiona ile picha ya maua ya Nieuwoudtville (mji wa huko Cape, Afrika Kusini, unaojulikana kwa maua) na bei ya 4,500 kwa kimoja, ujue ndiye. Mimi nilichukua vitatu Disemba, akasema ni Haemanthus coccineus, ua jekundu la huko Cape, nikatuma M-Pesa fasta nikicheka peke yangu.

Nikavilea, mchanga mwingi, maji karibu hakuna, maana hiyo ya Cape joto likija inalala na ukiimwagilia ikiwa imelala inaoza. Mvua za Machi zikavishtua, shina likatoka na madoadoa nikasema ndiyo yenyewe (hata coccineus ina madoadoa, hapo ndipo nilipoingia mkenge), kumbe linafunguka mpira mwekundu, sindano pande zote. Mama alikuja kunitembelea akauliza, "Hii si ile ya kule ushago kando ya mahindi? Kwani umenunua?" Kumbe ni Scadoxus multiflorus, ua lingine kabisa! Inaota porini huku huku kwetu.

Coccineus ya kweli ua lake ni kama brashi ya kunyolea iliyofungwa na magamba mekundu mazito, linatoka bila jani hata moja, majani yanafuata baadaye, mara nyingi mawili tu, manene, yamelala chini kwenye udongo kama ulimi. Ya Scadoxus ni mepesi, yanasimama, yana mshipa katikati. Na kitunguu cha Haemanthus magamba yake yamejipanga pande mbili kama kitabu, changu hakikuwa hivyo na nilikishika kwa mkono wangu, sijui macho yalikuwa wapi siku hiyo.

Nikamuuliza yule muuzaji kibali cha KEPHIS (shirika la serikali linalokagua mimea inayoingia nchini), akasema hiyo ni ya makampuni. Wapi! Halafu hana hata aibu, akaniletea stori ya Brunsvigia (ua lingine la kitunguu la Afrika Kusini) kubwa kama kichwa cha mtoto, "imechimbwa porini juzi", eti mwezi ujao inachanua. Hiyo kutoka mbegu inaweza kumaliza miaka 10 na zaidi kabla ya ua la kwanza, na ukiing'oa inanuna misimu kadhaa, na huko kwao kuichimba porini bila kibali ni kosa. Nikamwambia ipige picha na karatasi yenye tarehe ya leo. Akanibloki.

Anayetaka Scadoxus aje achukue bure, ninazo tatu. Ila zina sumu, watoto wasizichezee.