Ofisi ya ukaazi chuoni, Columbus Ohio: kaunta safi, simu majanga

Nawapa nyota 3 na nusu, na karibu zote ni za yule mama wa kaunta. Chuo sikitaji, ni cha umma, kipo Columbus, na huduma ninayoiongelea ni ile ofisi inayoamua kama utalipa ada ya mkazi wa jimbo au ada ya mgeni. Kwa wasiojua, vyuo vya umma Marekani vina bei mbili kwa darasa lile lile na mwalimu yule yule, na kwenye vyuo vikuu vikubwa asiye mkazi anaweza kulipa zaidi ya mara mbili ya mwenzake aliyekaa naye dawati moja. Kwa hiyo hii ofisi sio ya kuichukulia poa.

Mimi nilikuwa Indiana, nikaolewa nikahamia Columbus. Mume wangu yupo Ohio miaka na miaka, anafanya kazi ghala, kodi analipa hapa, gari lina namba za hapa. Nikaomba chuo, mfumo ukaona anwani yangu ya zamani ni Indiana ukaniandika sio mkazi, basi. Nikapiga simu. Muziki wa kusubiri ukapigwa mpaka chai ikapoa, alafu aliyepokea akaniambia kaa kwanza mwaka mmoja ndo urudi. Mwaka mzima jamani! Wala hakuniuliza kama nimeolewa.

Na hapo ndo penye lawama yangu, maana kanuni ya jimbo, ile namba 3333-1-10, haiishii kwenye mwaka wako wewe tu. Kuna njia ya mwenzi: mume au mke wako akiwa ameishi Ohio kama mkazi miezi 12 mfululizo kabla wewe hujaanza masomo, unahesabiwa mkazi hata kama begi lako bado halijafunguliwa. Ile ya kwenye simu ni njia nyingine, ya mtu kukaa mwenyewe miezi 12 bila kusaidiwa hela na watu wa nje ya jimbo. Alafu kuna ya tatu ambayo wengi hawaijui kabisa, mwenzi wako akishapata kazi ya kutwa Ohio, kazi inayomtosha kujikimu, na mmehamia kwa ajili ya maisha sio kukimbilia ada nafuu, basi mkiwa mmetimiza hayo kufikia siku ya kwanza ya muhula hiyo miezi 12 hata haiulizwi.

Kuna kaka Mkongo tulikuwa naye benchi moja tukisubiri, wametoka Texas majuzi tu kwa sababu mke wake kapata kazi hospitali, yeye alikuwa anapita kwa njia hiyo ya tatu. Kilichomkwamisha ni cheti cha ndoa, cha Kongo kipo Kifaransa, wakataka tafsiri. Akaniambia, "Dada, hawa batu banapenda makaratasi kupita mutu mwenyewe." Nilicheka lakini ndo ukweli.

Sasa kaunta. Yule mama hakuniuliza nina muda gani Ohio, aliniuliza mume yuko wapi na toka lini. Akataka cheti cha ndoa (Ohio kibali cha ndoa kinatolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti, msicheke), leseni ya udereva ya mume, usajili wa gari, mkataba wa nyumba, ritani ya kodi ya jimbo na barua ya mwajiri. Akazipanga mezani moja moja akitia tiki kwa penseli. Tukafika kwenye taarifa yangu ya benki, kidole kikasimama. Kuna hela za Zelle (ile huduma ya kutumiana hela benki kwa benki kwa simu) zimeingia kutoka Indiana, Texas na Minnesota, kwa mpigo. Akauliza, nani hawa wanaokutunza?

Jamani, ni mchezo! Ilikuwa zamu yangu kupokea. Ebu fikiria unaanza kumweleza Mmarekani upatu, kila mwanamke anatoa, mmoja anapokea, hakuna riba, hakuna mkataba. Akauliza, na mtu akishapokea akagoma kutoa? Nikamwambia hagomi, mama zetu wanajuana. Akacheka kweli kweli, akasema andika barua fupi ueleze hivyo hivyo, na uambatishe miamala yako ya kutoa ili ionekane hela inakwenda na kurudi. Alikuwa na sababu kuuliza, kanuni inawaruhusu kudai uthibitisho wa nani anakugharamia, na kwenye karatasi wale mashoga zangu walionekana wafadhili. Mwingine angenikatalia tu. Jibu likaja kabla muhula haujaanza, mkazi.

Mnaotaka kwenda, nendeni mapema, kwa sababu wakishakuandika mgeni na ukabadilishwa baadaye, mabadiliko yanaanzia hapo kwenda mbele, ya nyuma umelipa umelipa. Mimi nina grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, ndoa peke yake haimvushi, ila mkimbizi anapimwa sawa na mtu mwingine yeyote. Na msibebe habari za majimbo mengine, binamu yangu wa California alinikatisha tamaa bure, kwao kila mmoja anajijengea ukaazi wake, na Texas ndoa inasaidia kuonyesha mmeweka makazi lakini miezi 12 ipo pale pale.

Potali yao nayo ni kero, inakataa picha za simu inataka PDF, alafu ukishatuma inakaa kimya huoni hata kama imepokelewa. Nimewaandikia kuhusu yule wa simu pia, wakajibu asante kwa maoni yako. Juzi kuna dada kanisani kapiga, mume wake yupo hapa zaidi hata ya wangu, kaambiwa kaa mwaka mmoja.