Greatest Hits ya 2Pac: wimbo mmoja umezifunika nyingine 24

Mtajie mtu yeyote Greatest Hits ya 2Pac, rapa wa Marekani, ataanza kukuimbia kiitikio cha Changes. Dada yangu mkubwa, ambaye rap haipendi kabisa, anaujua wimbo huo neno kwa neno, lakini Hit 'Em Up ikianza tu ananyoosha mkono kuizima. Zote mbili zimo ndani ya mkusanyiko huohuo. Naupenda mkusanyiko huu kuliko wa rapa mwingine yeyote, na kinachoniudhi ni jinsi ulivyopokelewa: kana kwamba una wimbo mmoja na zilizobaki ni za kujazia nafasi.

Ulitoka Novemba 1998, miaka miwili na ushei baada ya Pac kupigwa risasi Las Vegas na kufariki. CD mbili, nyimbo 25. Mikusanyiko mingi ya namna hii hupangwa kwa miaka, kuanzia wimbo wa zamani hadi wa mwisho, na msikilizaji anamwona msanii akikua. Huu haukufuata njia hiyo. CD ya kwanza inafunguliwa na Keep Ya Head Up ya mwaka 1993, kijana anawatia moyo wanawake walioachwa peke yao kulea watoto. Hujakaa sawa, inaingia 2 of Amerikaz Most Wanted, yeye na rapa mwenzake Snoop Dogg wanatamba kwa furaha kabisa kwamba wao ndio wanaosakwa. CD ya pili ni hivyohivyo. Brenda's Got a Baby, habari ya binti wa miaka 12 anayejifungua na kumtupa mtoto kwenye taka, ipo nyimbo mbili tu kabla ya I Get Around, ambapo bwana huyuhuyu anajisifu kwa kubadilisha wanawake.

Kuna watakaosema huo ni mpangilio wa kubahatisha. Kwangu mimi ndio uzuri wenyewe. Pac hakuwa mtetezi wa akina mama mwaka huu kisha muhuni mwaka ujao; alikuwa vyote kwa wakati mmoja. Angalia CD ya kwanza inavyomalizika. Life Goes On, anawaaga marafiki waliouawa na kuagiza mazishi yake mwenyewe yawe sherehe, inafuatwa na Hit 'Em Up, matusi mazito kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa kwenye bifu lake na rapa wa New York, Notorious B.I.G. Wimbo huo ulitoka Juni 1996 ukiwa upande wa pili wa singo, na hakuna albamu yake ya studio iliyoubeba. Aliyeuweka mwisho wa CD alijua anachofanya, maana baada ya pale huwezi kupiga kitu kingine.

Sasa turudi kwa huo Changes. Pac aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 90, na katika uhai wake haukutoka. Baadhi ya mistari yake ilishasikika kwenye I Wonder If Heaven Got a Ghetto, ndani ya albamu ya mwaka 1997, na karibu hakuna aliyetikisika. Kilichobadilika mwaka uliofuata ni biti. Mashairi yalipandishwa juu ya ile piano ya mwimbaji Bruce Hornsby kutoka The Way It Is ya 1986, kikundi cha Talent kikaimba kiitikio, na ghafla rapa aliyekuwa akiogopwa na wazazi akawa anapigwa sebuleni. Wimbo ukashika namba moja Uholanzi na Norway, ukateuliwa Grammy mwaka 2000, na mwaka 2009 hata Vatican ikauweka kwenye orodha yake ya muziki mtandaoni. Vatican! Mtu aliyeandika Hit 'Em Up!

Siubezi. Ule mstari kwamba Marekani haiko tayari kwa rais mweusi ulirudi midomoni mwa watu wote Obama aliposhinda 2008, na nyimbo chache hupata bahati ya kusahihishwa na historia halafu bado zikabaki kali. Ila piano ile inalainisha. Sikiliza maneno yenyewe: anajiuliza kama maisha yana maana au ajipige risasi, anasimulia polisi wanavyoua, anamkumbuka Huey Newton, mwanzilishi mwenza wa chama cha Black Panther kilichopigania haki za watu weusi. Mtu anaitikia kiitikio huku anatabasamu, maneno yamempita.

Katika nyimbo nne ambazo hazikuwa zimetoka, Changes ikiwemo, bora kwangu ni Unconditional Love. Pac aliiandika kwa ajili ya rapa MC Hammer, ila hapa tunaisikia kwa sauti ya Pac mwenyewe, biti ya mtayarishaji Johnny J, bila papara. Hana adui wa kumshambulia na wala haubiri, anaongea tu. Troublesome '96 ni nzuri kwa kuendeshea gari, basi. God Bless the Dead ina kisa chake: mwanzoni kabisa Pac anamtakia mapumziko mema marehemu Biggy Smallz, na mashabiki wakapagawa, kwa sababu Notorious B.I.G., aliyeitwa pia Biggie Smalls, alikufa Machi 1997, miezi sita baada ya Pac. Atajuaje, kama si kwamba yuko hai mahali fulani? Kumbe aliyetajwa ni mtu mwingine mwenye jina la kufanana. Uvumi huo umeuza CD nyingi kuliko tangazo lolote, hiyo ni dhana yangu tu.

Kuhusu mauzo, mashabiki hupenda kukutambia kwamba mkusanyiko huu una cheti cha almasi, yaani milioni 10 Marekani. Ni kweli, ulikipata 2011. Ila wahesabu wa RIAA, chama cha kampuni za muziki Marekani kinachotoa vyeti hivyo, huhesabu kila CD peke yake albamu ikizidi dakika 100, kwa hiyo gawanya kwa mbili. Bado ni nyingi mno kwa rapa ambaye hakuwepo kuupigia debe.

Mapungufu yapo. Kuiacha Ambitionz az a Ridah ni jambo ambalo sijalisamehe; ndio wimbo unaofungua albamu yake ya All Eyez on Me, ndio sauti ya mtu aliyetoka gerezani ana haraka. Badala yake tumepewa All About U, ambayo ningeitoa bila kufikiri mara mbili. Na kumaliza CD ya pili kwa Heartz of Men baada ya To Live & Die in L.A. ni kuamsha watu waliokwisha kuaga.

Kama tayari unayo All Eyez on Me, fahamu kwamba nyimbo saba za humu zimetoka moja kwa moja kule. California Love ni habari nyingine: kule ni rimiksi, hapa ni ile ya kwanza, yenye biti ya Dr. Dre iliyochezwa redioni. Kwa hiyo, ukiacha nyimbo za albamu zake nyingine, utakuwa unalipia hiyo, Hit 'Em Up na zile nne mpya. Mimi nililipa, na sijutii. Kama huna chochote cha Pac, anza hapa, lakini usiruke kwenda Changes. Weka CD ya kwanza, acha iende yenyewe.