Jiko la kuni la kupasha nyumba joto: lipi ununue, lipi uliache dukani

Watu wakisikia kuni ni nishati ya asili wanadhani basi haina madhara, kumbe moshi wake umejaa vile vichembe vidogo mno viitwavyo PM2.5 vinavyozama mpaka ndani kabisa ya mapafu, na ile kaboni sawa, mti mwingine utaifyonza, ila mti haukui kwa wiki mbili jamani, ni miaka na miaka. Kwa hiyo hapa napanga kwa moshi kwanza, urembo baadaye. (Kama umeme wako ni wa uhakika na hela ipo, pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani) inayapita yote haya, haina moshi hapo nyumbani.)

Namba 1 ni jiko la peleti. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, kavu sana, unyevu chini ya asilimia 10, na jiko linajilisha lenyewe kidogo kidogo ndo maana moto haufukuti. Ubaya wake linataka umeme, ukikatika mnalala na baridi. Halafu muulize muuzaji peleti zimetoka wapi, mabaki ya kiwanda cha mbao poa, miti mizima iliyokatwa kwa kazi hiyo hapana.

Namba 2 jiko la kisasa la kuni lenye mlango na cheti cha kupimwa moshi. Hili linaingiza hewa tena juu ya moto ili moshi wenyewe uungue kabla haujapanda kwenye bomba. Marekani tangu 2020 jiko jipya halitakiwi kuzidi gramu 2 za vichembe kwa saa, au 2.5 likipimwa kwa kuni za kawaida, so soma lebo. Na usibebe kubwa kuliko chumba chako! Utalibania hewa joto lisizidi, moto ufukute, moshi uwe uleule uliokuwa unaukimbia.

Namba 3 mtumba wa zamani wa chuma. Rahisi kununua, ila linakula kuni balaa.

Mwisho kabisa meko ya wazi, joto karibu lote linaondoka na bomba. Hilo ni pambo tu.

Ila ukiweka kuni mbichi, namba 2 yako inageuka namba 3 siku hiyohiyo. Kuni mbichi inaweza kuwa nusu maji, we unataka chini ya asilimia 20, kwa hiyo nunua na kile kipimo kidogo cha unyevu, pasua gogo upime katikati sio juujuu. Mbao zenye rangi au dawa usichome kwenye jiko lolote.