Skagway, Alaska: siku nne na baba mdogo kwenye njia ya mizigo

Baba mdogo alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kwa miaka 22, njia ya Marangu, mpaka magoti yalipokataa. Alipokuja kututembelea huku jimbo la Washington nilimuuliza angependa kuona nini. Nilidhani atasema New York. Akasema, "Nionyeshe mlima, mwanangu. Maghorofa nimeshayaona kwenye televisheni." Ndipo nilipokumbuka Skagway, mji mdogo ulioko kusini mashariki mwa Alaska, wenye wakazi kama 1,200 tu, uliozaliwa na mbio za dhahabu za 1897 na 1898. Tulikaa siku nne mwezi wa Julai. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu mnaoishi Marekani na Kanada, ambao mkipata likizo hamjui muwapeleke wapi wazee wenu wakija.

Tulipanda ndege kutoka Seattle mpaka Juneau, chini ya saa 3, tukalala usiku mmoja, kisha tukachukua kivuko cha serikali ya jimbo kinachopitia Haines. Ni mwendo wa karibu siku nzima na sikujutia hata dakika moja. Unapita kwenye mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima, barafu zinaning'inia juu, maporomoko ya maji yanashuka hadi ufukweni. Watu wengi huja kwa meli kubwa za kitalii, wanashuka asubuhi na kuondoka jioni. Ukiweza, usije hivyo. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba dhahabu haikuwa Skagway. Ilikuwa mamia ya kilomita kaskazini, upande wa Kanada, kwenye vijito vya mto Klondike. Agosti 1896 Skookum Jim na Dawson Charlie, watu wa kabila la Tagish, pamoja na George Carmack, shemeji wa Jim, waliiona kwenye kijito ambacho baadaye kiliitwa Bonanza. Habari zilichukua karibu mwaka mzima kuufikia ulimwengu wa nje. Julai 1897 meli iitwayo Portland ilitia nanga Seattle ikiwa na wachimbaji na dhahabu yao, na watu wakaacha kazi. Inakadiriwa watu 100,000 walianza safari. Wengi wao walishukia Skagway au Dyea, mji wa jirani, kwa sababu hapo ndipo bahari inapoishia na milima inapoanza. Skagway ilikuwa kituo cha mizigo, na ukiutazama hivyo utauelewa haraka.

Polisi wa Kanada waliokaa kwenye vilele vya mpakani hawakumruhusu mtu kuingia bila chakula cha mwaka mzima na vifaa vyake. Vyote pamoja vilikaribia tani moja kwa kila mtu. Unga, maharage, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, misumari, msumeno, jiko, hema. Haya tulielezwa na mhifadhi wa Klondike Gold Rush, hifadhi ya taifa ya kihistoria ambayo ofisi yake iko kwenye kituo cha zamani cha reli mwanzoni mwa barabara ya Broadway. Hakuna kiingilio. Ziara ya mji kwa miguu inayoongozwa na wahifadhi nayo ni bure, na kwangu ndiyo iliyokuwa bora kuliko kitu chochote tulichokilipia.

Nilikuwa namtafsiria baba mdogo. Nilipofika kwenye tani moja akaniinulia mkono ningoje. Kule kwetu mzigo wa mgeni una kikomo cha kilo 20, na watu wamepigania sana kikomo hicho kiheshimiwe. Akapiga hesabu kimoyomoyo. "Mara hamsini kupanda," akasema, "na mara hamsini kushuka kufuata mwingine. Hawa hawakupanda mlima, mwanangu. Hawa walihamisha kijiji." Mhifadhi aliponiuliza mzee anasema nini, nikamweleza kazi aliyoifanya. Dada yule akaacha kila kitu, akamwuliza maswali kwa dakika nyingi: mnafungaje mzigo, mnakula nini, mnalala wapi. Watu waliokuwa kwenye ziara wakasogea kusikiliza. Nilifurahi mno kumwona mzee wangu akihojiwa kama mtaalamu, kwa sababu ndicho alicho.

Na kumbe njia yenyewe ilikuwa na wenyewe. Njia ya Chilkoot, inayoanzia Dyea, ilikuwa mali ya watu wa Tlingit vizazi vingi kabla ya mzungu kuiona. Waliitumia kufanya biashara na watu wa bara, na mgeni hakupita bila idhini yao. Dhahabu ilipotokea wakawa wapagazi. Walibeba kilo 45 na zaidi kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, wanawake na watoto nao wakibeba kwa kadiri yao. Walijua thamani ya kazi yao na walipanga bei wenyewe. Akitokea mtu wa kulipa zaidi njiani, mzigo wa kwanza ulitua chini. Wageni waliandika malalamiko mengi kuhusu hilo. Baba mdogo hakuona cha kulalamikia hata kidogo.

Siku ya pili tulikwenda Dyea, kama kilomita 15 kwa barabara ya vumbi inayozunguka ghuba. Gari tuliloagiza lilichelewa zaidi ya saa nzima bila hata simu ya kutuomba radhi, kwa hiyo kama una leseni, kodi gari lako mwenyewe. Dyea iliwahi kuwa na maelfu ya watu, hoteli, maduka, gati refu. Leo ni msitu. Kuna ukuta mmoja wa mbele wa jengo uliosimamishwa kwa miti ya kuegemea, na mistari ya nguzo zilizooza za gati, ambazo sasa ziko mbali na maji kwa sababu ardhi ya huku inaendelea kuinuka tangu uzito wa barafu upungue. Nyasi zimejaa, na kimya chake ni kizito. Pembeni kuna makaburi ya waliofukiwa na maporomoko ya theluji tarehe 3 Aprili 1898, Jumapili ya Matawi. Makumi ya watu walikufa siku ile. Vibao vya mbao vimeandikwa tarehe moja, kimoja baada ya kingine. Tulisali pale. Sikutarajia kulia kwa ajili ya watu nisiowajua.

Njia ya Chilkoot ina urefu wa kilomita 53 mpaka ziwa Bennett upande wa Kanada, na kuipita yote huchukua siku 3 hadi 5 kwa kibali maalumu. Sisi tulitembea mwanzo wake tu, kwenda na kurudi. Usidanganyike na ramani. Ukivuka mita chache za kwanza unakutana na mlima mkali wa mizizi na mawe ambao unaitafuta pumzi yako mapema, halafu njia inateremka na kufuata mto Taiya kwenye msitu wenye kuvu na majimaji, kama ule ukanda wa msitu kabla ya kufika Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu. Dubu wapo, kwa hiyo mnaongea kwa sauti wakati wote. Viatu vya raba havitoshi. Nilimwona kijana mmoja akiteleza mara tatu. Nilitaka nimbebee baba mdogo begi lake. Alinitazama jicho ambalo sijaliona tangu nikiwa darasa la nne.

Siku ya tatu ilikuwa ya treni. Reli ya White Pass ilianza kujengwa Mei 1898 na kukamilika Julai 1900, kilomita 177 mpaka Whitehorse, upande wa Kanada. Nilipoiona miaka hiyo nikakumbuka reli ya Mombasa mpaka Kisumu, iliyoanza 1896 na kufika ziwani 1901. Watu walikuwa wanapasua miamba huku na huko kwa wakati mmoja. Njia ya reli hii ni nyembamba hata kuliko ile yetu ya mita moja. Safari tuliyochukua hupanda mita 873 ndani ya kilomita 32 hivi, kisha inarudi. Kaeni upande wa kushoto wakati wa kupanda, bonde lote liko huko. Kuna sehemu yenye msalaba mweusi, ambapo mwamba uliangukia wafanyakazi wawili mwaka 1898 nao wakabaki chini yake mpaka leo. Juu zaidi ni korongo walikokufa farasi. Zaidi ya farasi 3,000 waliangamia kwenye njia ya White Pass, ile nyingine ya kuvuka milima iliyoanzia Skagway, wakiwa wamelemewa, hawajalishwa, wakiendeshwa na watu ambao wengi hawakuwahi kushika mnyama. Kijia chao cha zamani bado kinaonekana chini ya reli, mstari mwembamba kwenye mawe.

Tiketi ni ghali. Hilo halina mjadala. Lakini kwa mzee asiyeweza kupanda tena, kufika kilele cha mpakani akiwa amekaa dirishani ni kitu ambacho pesa yangu haijawahi kununua vizuri hivyo. Nunueni mapema na mchague ya asubuhi.

Makaburi ya mji yako mwendo wa kilomita kama 3 kutoka katikati, kando ya karakana ya reli. Wengi huenda kuona kaburi la Soapy Smith, tapeli aliyeutawala mji kwa genge lake. Husimuliwa kwamba alikuwa na ofisi ya simu za maandishi ambayo waya zake hazikufika popote, watu wakilipa kutuma salamu nyumbani. Aliuawa kwa risasi gatini tarehe 8 Julai 1898, na Frank Reid, aliyepigana naye, akafa kwa majeraha siku 12 baadaye. Wote wamelala hapo. Binafsi Soapy hakunigusa. Nyuma ya makaburi kuna maporomoko ya maji ya Reid, dakika chache tu kwa mguu, na hapo tulikaa sana.

Walionigusa ni wawili ambao wageni huwapita haraka. Wa kwanza ni Harriet Pullen, aliyeshuka hapa 1897 akiwa, kwa simulizi yake, na dola 7 mkononi. Alipikia wafanyakazi, akaoka pai za tufaha zilizokaushwa, akaendesha farasi wa mizigo, mwishowe akawa mwenye hoteli kubwa ya mji. Mama ntilie kamili! Nenda Geita au Chunya utamkuta, na siku zote anayepika ndiye anayebaki na hela mchimbaji akishafilisika. Wa pili ni askari weusi wa Kampuni L, Rejimenti ya 24 ya miguu, waliolinda amani Dyea na Skagway kuanzia 1899 mpaka 1902. Sikuwa najua kabisa. Kuwasikia wakitajwa na mhifadhi, kwenye mji ambao siku nzima sikuona mtu mwingine mweusi zaidi yetu, kulinifanya nitembee nikiwa nimeinua kichwa. Waulizeni wahifadhi habari zao, wataeleza.

Sasa kuhusu zile meli. Zaidi ya watu milioni 1 hupita Skagway kila mwaka, karibu wote kati ya Mei na Oktoba. Saa 4 asubuhi Broadway haipitiki, na maduka mengi ni ya vito ambavyo havihusiani na mji huu. Mgahawa mmoja ulituweka foleni kubwa kisha ukatuambia samaki wamekwisha. Lakini ikifika saa 2 usiku meli nyingi zimeng'oa nanga, jua bado lipo, njia za mbao zinagonga chini ya viatu vyako mwenyewe, na wenyeji wanatoka kutembeza mbwa na kukusalimu. Ndiyo maana nasema lala mjini. Chumba chetu kilikuwa kidogo kwa bei yake, ila kilikuwa safi, na tulipika wenyewe chakula tulichobeba kutoka Juneau. Fanyeni hivyo, mtaokoa fedha nyingi.

Kwa mwenye watoto au magoti mabovu, Yakutania Point ni matembezi mepesi kando ya bahari. Anayetaka jasho apande mpaka ziwa la Lower Dewey, njia inaanzia nyuma ya reli, fupi lakini kali. Beba koti la mvua na la upepo hata kama jua linawaka. Upepo wa bonde lile haupigi hodi. Kama mtavuka upande wa Kanada kwa gari au treni ndefu, pasipoti na karatasi zenu za ukaazi ziwe mkononi.

Baba mdogo amesharudi Marangu. Wiki iliyopita alinipigia kuniuliza kibali cha kupita Chilkoot yote kinaombwa lini, na kama kilo 20 zinaruhusiwa.