Ejenti wa akili mnemba: logi imesema kweli, mhudumu kanipanga

Huduma kwa wateja ya hawa jamaa wanaoniuzia ejenti wa akili mnemba, ile programu inayojifanyia kazi yenyewe, imenivuruga, acha niandike.

Natunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa hapa mwalo wa Kirumba. Risiti zao ni picha za simu, nyingine zimelowa hadi wino umetawanyika. Kazi ya kuzisoma na kuzipanga kwenye Excel namwachia ejenti usiku. Juzi kati akafia njiani. Asubuhi mama mmoja anayepakia magunia ya Kongo yuko mlangoni, lori linanguruma, anataka jumla yake, mimi nina nusu ya hesabu.

Nikawaandikia. Jibu: "Kaka, saa 21:40 Mwanza hamkuwa na umeme, intaneti yako ndiyo ilikata."

Umeme ulikatika kweli, mida ya saa tatu na nusu usiku, ukarudi kabla ya saa tano. Ila logi, yaani kumbukumbu ya kila hatua ya ejenti, inaandika muda wa UTC, saa ya kimataifa! Sisi tuko saa tatu mbele. Hiyo 21:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku, feni inazunguka, mimi nakoroma. Mtu analipwa kusoma logi na hilo halijui?

Halafu angepandisha macho kidogo tu. 429, 429, 429, zimejipanga mpaka chini. Hapo seva inakwambia maombi yamezidi. Intaneti ikikata hupati namba kama hiyo, maana hakuna aliyekujibu. Seva yao ilijibu, ikataja hadi sekunde za kusubiri, ejenti wao akaendelea kubisha hodi bila kupumua mpaka kikao kikafungwa. Mstari wa mwisho ameita zana ya kufungua picha. Matokeo ya zana hayapo.

Nimemtumia yote hayo. "Pole kwa usumbufu, zima modemu kisha uiwashe." Modemu!

Nisiwaonee, wengine niliowahi kuwatumia hawakupi logi kabisa, kikao kikifa umeachwa gizani. Hawa wanakupa kila mstari. Humo ndimo niliiona risiti ya mwisho iliyosomwa, nikaendelea kuanzia hapo, yule mama akapata jumla yake kabla lori halijaondoka. Nyota nne, nilishaamua.

Ila nikikumbuka modemu... hapana. Moja, na hiyo ni ya logi. Wiki ijayo mbalamwezi inaisha, wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, risiti zitamwagika. Nitalipia tena, nifanyeje? Ila yule mhudumu asiniite kaka.